Mbona Makumbusho Yanasubiri Kitu Kife?

Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya pombe vilipigwa marufuku nchini. Tarehe 1 Juni 2019 ikafika zamu ya mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo. Ndani ya miaka miwili na miezi mitatu, vitu viwili vilivyojaa kwenye kila mtaro, kila kibanda na kila stendi ya nchi hii vikaondolewa madukani kwa amri ya serikali. Sisemi amri zile zilikuwa mbaya. Anayekumbuka mitaro ilivyokuwa ikiziba wakati wa masika atanielewa. Ninachouliza ni hiki tu: kabla havijaondoka, nani aliweka akiba japo kimoja kimoja, akaandika kiliuzwa shilingi ngapi, nani alikinunua, na kwa nini?

Najua swali hili linaweza kuonekana la kitoto. Nani atunze takataka? Lakini mimi nasomea ualimu, na siku si nyingi nitasimama mbele ya watoto ambao hawajawahi kushika rambo. Nitawaambia nchi ilibadilika. Wataniuliza ilibadilika kutoka wapi, na mkononi sitakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Wanachuo wenzangu, hoja yangu ni nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza. Makumbusho yanatakiwa yakusanye vitu vya leo, vikiwa bado vinatumika na wenyewe wakiwa hai. Na mikoa kama wetu wa Katavi, ambayo haina mengi kwenye kabati za Dar es Salaam, ndiyo yenye haja kubwa zaidi.

Tuanze na fikra tuliyonayo vichwani. Kwa wengi wetu, makumbusho ni mahali pa fuvu na mkuki. Ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam utaelezwa habari za Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai mwaka 1959, na utaona magari yaliyowabeba viongozi. Vyote ni vya maana. Hata sheria yetu inatazama nyuma sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari kwenye mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya hapo ndicho kinachohesabiwa kuwa masalia. Kwa milango ya kuchonga mstari umesogezwa mpaka 1940. Ni sheria ya kulinda vya kale, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Shida inaanza pale sisi wenyewe tunapoamini kwamba kitu kinapata thamani siku mwenye nacho anapokufa.

Sasa hebu tazama Kijiji cha Makumbusho, kile kilichopo barabara ya Bagamoyo. Kilianzishwa miaka ya 1960 kwa kujengwa nyumba za makabila mbalimbali. Leo tunakwenda pale kama tunakwenda kuona zamani. Lakini wakati zinajengwa, nyumba za aina ile zilikuwa zinakaliwa na watu. Waliozijenga walitoka kwenye nyumba kama hizo na kurudi kulala ndani yake. Miaka michache baadaye, Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu na sura ya vijiji ikabadilika kabisa. Kama waasisi wa kile kijiji wangesubiri nyumba zile ziwe za kale kwanza, wangemtafuta wapi fundi anayejua kuezeka msonge? Kwa maneno mengine, kazi ninayoidai leo tayari tulishaifanya nchi ikiwa na umri wa miaka michache tu. Tukaiacha.

Kuna mfano mwingine unauma zaidi. Vitu vingi vilivyobebwa kutoka kwetu kwenda Berlin na miji mingine ya Ujerumani enzi za ukoloni havikuwa vya kale siku vilipochukuliwa. Kilikuwa kigoda kilichokaliwa asubuhi ileile. Ilikuwa ngoma iliyopigwa juzi. Mingine ilikuwa mikuki iliyookotwa kwenye vita, ikiwemo ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Yaani mkoloni alikusanya maisha ya kila siku ya babu zetu wakati babu zetu wanayaishi, ila hakuandika majina yao. Akaandika jina lake yeye aliyeleta, na jina la kabila, basi. Leo tunadai vitu virudi, na ni haki yetu kudai. Lakini hebu tujiulize: wajukuu zetu wakitaka kujua sisi tuliishi vipi mwaka 2025, nao watalazimika kuomba viza?

Usidhani natania. Mwaka 2010 Makumbusho ya Uingereza na BBC walitoa vipindi vya redio vilivyosimulia historia ya dunia kwa vitu 100. Karibu na mwanzo kabisa, kitu cha pili, kuna jiwe la kukatia kutoka Olduvai, Tanzania. Kitu cha 100, cha mwisho, ni taa ya sola yenye chaja, iliyotengenezwa China. Waliichagua kwa sababu inabadilisha maisha ya watu ambao hawajafikiwa na umeme wa gridi. Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu. Watu wenyewe si ndio sisi? Mpanda kwa miaka mingi ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya dizeli, na ukitoka mjini kidogo ilikuwa koroboi, kisha tochi, kisha taa za sola. Taa ya sola imepata nafasi London. Koroboi ya bibi yangu Makanyagio, iliyotengenezwa na fundi bati kutokana na kopo la maziwa, ambayo kwayo mama yangu alisomea mpaka darasa la saba, iko nyuma ya stoo imeshika kutu. Fundi yule yupo, ila siku hizi anatengeneza majiko ya mkaa. Akiulizwa leo ataeleza alikuwa anakata utambi wa urefu gani na koroboi moja aliiuza kwa bei gani. Akiondoka, tutabaki na kopo lenye tundu.

Wenzetu waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1977 makumbusho ya Sweden yaliunda mtandao ulioitwa Samdok, ofisi yake ikiwa Nordiska museet, Stockholm. Wahifadhi walikuwa wamepiga hesabu ya kabati zao wakakuta zimejaa vijiko vya mbao na mavazi ya wakulima wa zamani, huku maisha ya viwandani na mijini, ambayo ndiyo Waswidi wengi walikuwa wanayaishi, hayamo. Wakagawana kazi: hawa wafuatilie nyumbani, wale kazini, wengine misituni na kilimoni. Hawakubeba vitu tu. Walikwenda kukaa na watu, wakapiga picha, wakarekodi maelezo. Mtandao ule ulidumu mpaka 2011.

Makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 2014 yalianzisha utaratibu wa kukusanya haraka, yaani kitu kikitikisa dunia leo, kinaingia kabatini bila kusubiri miaka. Kati ya vitu walivyochukua ni suruali ya kawaida ya duka la Primark. Suruali ile haina urembo wowote. Imo pale kwa sababu ya jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa kushona nguo za maduka kama hilo. Mimi naifikiria suruali ile kila ninapopita kwenye mnada wa mitumba. Suruali za namna ileile, zikishavaliwa Ulaya, zinashuka kwetu kwenye marobota. London wametunza mwanzo wa safari ya suruali. Mwisho wake uko kwetu, kwenye turubai chini, na mwenye turubai anajua habari ambazo mhifadhi wa London hazijui: robota la daraja la kwanza linafananaje, nguo gani inaitwa kamera, nani anawahi asubuhi kuchagua. Hiyo nayo ni historia ya dunia, na haina mtunzaji.

Nirudi nyumbani, maana hapa ndipo jambo lenyewe linaponigusa.

Mpanda haikuzuka kwa bahati. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, ikawa njia ya mahindi, tumbaku, mpunga na watu. Ina maana mji ambao mwaka 2012 ulikuja kuwa makao ya mkoa mpya wa Katavi ulianzia kwenye mgodi uliodumu miaka kumi tu ya reli. Mimi nimesoma shule ya msingi na sekondari hapohapo Mpanda. Kofia ya mchimbaji wa Mukwamba sijawahi kuishika. Kitabu cha mishahara, sururu, pasi ya kuingilia kazini, sijaonyeshwa hata kimoja. Nimeukuta mgodi ule kama sentensi moja, na nimekuwa mtu mzima nikiwa na sentensi hiyohiyo moja. Waliofanya kazi pale wakiwa vijana, waliobaki, sasa wana umri wa kuhesabu siku.

Leo uchimbaji umerudi kwa sura nyingine, wachimbaji wadogo wa dhahabu kwenye maeneo ya kuzunguka Mpanda. Wana karasha, wana kamba za kushukia shimoni, wana tochi za kichwani, wana lugha yao. Mipango ya reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda mpaka Karema, ziwani Tanganyika, imeshatangazwa. Ikikamilika, ile behewa ya daraja la tatu tuliyokuwa tunapandia na magunia, kuku na madumu ya asali itakuwa hadithi. Je, tutarudia kosa la Mukwamba tukiwa tunaliangalia?

Halafu kuna Katumba na Mishamo. Wasiotoka kwetu nawaeleza: haya ni makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi walioanza kuingia mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wale wa 1972 na watoto wao, pamoja na wale wa Ulyankulu, Tabora. Ni jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa ukubwa ule. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha Katavi kinachostahili kukaa Makumbusho ya Taifa, jirani na yale magari ya viongozi, nitakujibu bila kusita: cheti cha uraia cha mwaka ule.

Lakini hapa ndipo nilipojifunza kwamba hii kazi siyo ya kukurupuka. Rafiki yangu mmoja wa sekondari anatokea Katumba. Nilimweleza wazo langu, akanipeleka kwa babu yake. Mzee akatoa sanduku la bati, ndani kuna mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kuna bahasha, ndani ya bahasha ndiko kiliko cheti. Nikamwamkia, nikamweleza habari za makumbusho kwa heshima zote. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hicho unachokiita historia, mimi ndicho ninacholalia usingizi. Nikikupa, siku wakija kuniuliza mimi nani, nitawaonyesha kabati lako?"

Jibu lile limenifundisha kuliko desa lolote. Kitu cha leo kina mwenyewe. Mwenyewe yupo, anaongea, na ana haki ya kukataa. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kukusanya vya leo na kukusanya vya marehemu, na ndiyo tofauti kati ya tunachopaswa kufanya na alichofanya mkoloni. Mzee alikubali tupige picha ya cheti huku tukifunika namba, na akasimulia kwa saa nzima siku aliyokipokea: alivaa nini, aliamka saa ngapi, nani alilia. Hicho ndicho kinachofaa kukaa kabatini. Cheti chenyewe kibaki kwenye sanduku la bati mpaka siku ambayo yeye au wanawe wataamua wenyewe.

Kwa hiyo nikiambiwa nitunge masharti ya kazi hii, ningeweka matatu. La kwanza, kitu kisiingie bila simulizi ya mwenye nacho, kwa maneno yake na kwa jina lake kama ameridhia. La pili, kitu ambacho mtu bado anakihitaji kisichukuliwe. Ipigwe picha, kichorwe, kirekodiwe. Na kama ni cha kununua, kilipwe bei ya haki, isiwe "tunakusaidia kukitunza". La tatu, uchaguzi usiachiwe watu wa ofisini peke yao. Mama lishe anajua zaidi kuliko mimi ni sufuria gani inasimulia maisha yake.

Nimejadiliana na wenzangu hosteli kuhusu haya na nimepata upinzani wa kweli, kwa hiyo niujibu.

Mwenzangu mmoja alisema, "Shule hazina madawati, wewe unataka makumbusho ya koroboi?" Hoja nzito. Lakini sidai jengo. Nadai kabati, daftari na simu yenye kurekodi sauti, na simu hiyo kila mmoja wetu tayari anayo. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda wa kumsikiliza mtu. Na kuchelewa nako kuna gharama. Muulize yeyote anayetaka leo kuandika habari za Mukwamba.

Mwingine alisema huwezi kutunza kila kitu, dunia itajaa. Kweli kabisa. Ndiyo maana tunahitaji kuchagua sasa, tukiwa bado tunajua kipi kilikuwa na maana. Tusipochagua sisi, panya, mchwa na muuza chuma chakavu watatuchagulia, na wao wanaanza na vitu vya watu maskini. Kitochi cha Nokia 1100 kilianza kuuzwa mwaka 2003, mwaka niliozaliwa. Kiliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Vijijini kwetu kilikuwa simu, tochi, saa na, baada ya huduma za pesa kwa simu kuingia Tanzania mwaka 2008, kikawa na benki pia. Nenda kakitafute leo kikiwa kizima, pamoja na vocha ya kukwangua. Kitu kilichokuwa kila mahali ndicho kinachopotea upesi kuliko vyote, maana kila mtu anadhani mwenzake anacho.

Wa tatu akasema picha za mitandaoni zinatosha. Hazitoshi. Mtandaoni tunaweka sherehe na mahafali. Nani kati yetu ameposti godoro la futi mbili na nusu ambalo wamelala wawili, maana mmoja alikosa chumba ikabidi abebwe? Nani ameposti madesa aliyorithi kwa mwaka wa tatu, yenye mistari ya kalamu za watu watatu tofauti? Mwaka 2020 vyuo vilifungwa mwezi Machi vikafunguliwa Juni. Makumbusho ya London yalitangaza mapema kwamba yanakusanya vitu vya wakati ule. Sisi tulikuwa na ndoo za maji tiririka kwenye kila mlango, barakoa za kitenge, na nyungu. Nyungu! Taifa zima lilijifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mchaichai na mwarobaini. Hata kama unaicheka au unaitetea, nyungu ilitokea, na atakayeiandika baadaye atahitaji kukiona chungu na kusikia kilichemshwa vipi.

Basi napendekeza nini? Sisi wa ualimu tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita TP, nchi nzima. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia mashuleni, na kila siku tunalalamika hakuna zana. Kila mmoja wetu, kwenye shule atakayopangiwa, awape wanafunzi kazi moja: lete kitu kimoja cha nyumbani ambacho mjukuu wako hatakikuta, ukiwa na ruhusa ya mwenye nacho, na ukurasa mmoja wa maelezo yake. Vinavyoweza kubaki vikae kwenye kabati la darasa. Visivyoweza, vichorwe na virudi nyumbani jioni. Nakala ya maelezo ipelekwe kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ukipangiwa Katavi, njoo Makanyagio nikuelekeze kwa fundi wa koroboi.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi, ombi langu ni dogo. Tupeni rafu moja maktaba. Nitakuwa wa kwanza kuleta: desa langu la mwaka wa kwanza, likiwa na majina ya wote waliolitumia kabla yangu, na wote wameridhia.

Na kwa Makumbusho ya Taifa, nasema kwa heshima ya mtoto kwa wazazi wake: msitusubiri tufe. Kanyagio, kwa Kiswahili, ni pale mguu unapokanyaga ili baiskeli isogee. Kuna baiskeli ya Phoenix mtaani kwetu ambayo kanyagio zake zimebaki vyuma vitupu kwa miaka ya kubeba mkaa na madumu ya maji. Mwenyewe bado anaiendesha. Njooni mumuulize wakati bado yuko juu ya tandiko.